Fimbo ya Kutupa Nzi

Mimi na samaki hatuwezani. Wacha niseme hivyo mapema, ndio mtu asije akaniuliza baadaye kwa nini nimekunja uso kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwetu, huko milimani nilizaliwa, nyanya yangu alikuwa anaita samaki nyoka wa maji. Siku moja jirani alikaanga samaki, nyanya akahamisha kuku wake wote akawapeleka kwa shangazi mpaka harufu iishe. Kuku wakakaa huko wiki mbili kama wakimbizi.

Na usifikirie mimi ni mtu wa kuchagua-chagua. Kazi yangu ni kuosha viatu vya mitumba hapo soko ya Gikomba. Kiatu kinatoka ng'ambo kikiwa kimekufa, mimi nakifufua. Natoa soksi yenye iliozea ndani, nasugua, napiga gundi, napiga rangi, napiga brashi, mpaka mwenye alikuwa anakivaa zamani akipatana nacho kwa barabara hawezi kukijua. Nimetoa kucha za wazungu ndani ya kiatu na kijiko. Kuna buti moja nilifungua nikapata panya na familia yake yote, wamelala kwa mstari, wamekufa na harufu. Panya! Na mchana nikakula githeri yangu, mahindi na maharagwe, nikiwa nimekalia gunia lenye hiyo buti ilitoka. Lakini pitisha sahani ya samaki hapa mbele yangu, tumbo inageuka kama chapati.

Sasa Mungu naye anapenda mzaha. Akanipatia bibi mwenye babake ni mtu wa samaki.

Huyo mzee ni wa kabila yetu kabisa, alizaliwa huko huko kwa baridi, lakini maisha yake yote alifanya kazi kwa kambi ya wageni wa kuvua, kule juu msitu unaanza. Alikuwa anawabebea mizigo na kuwaonyesha mahali trauti wamejificha, hao samaki wenye madoa wa mito ya mlimani. Wakamharibu. Akaanza kula hizo vitu.

Mimi na bibi yangu tumekaa Shauri Moyo, chumba moja, miaka saba. Alikuja kunitembelea Jumamosi na kamfuko kadogo, Jumatatu ikapita hajarudi kwao, tukapata pacha, na mimi kwao sikuwahi enda. Kwa mila yetu mtu kama mimi ni mwizi wa kuku tu, tofauti ni kuku amekubali. Na mwizi akikosa kuenda kusema pole, kuku pia hawezi rudi. Kwa hivyo miaka saba bibi yangu hajapita geti ya babake. Alikuwa anaongea na mamake kwa simu akiwa amejifungia na pazia, anauliza ni ng'ombe gani imezaa, mti gani umeanguka. Akimaliza anaosha vyombo zenye alikuwa ameshaosha. Mimi nilikuwa naona. Nilijifanya sioni, nikapiga stori zangu kwa nguvu zaidi.

Siku moja simu ikaniita mimi. Sauti ya mzee, kavu kama ukoko.

"Wewe ndio unakaa na msichana wangu?"

"Ndio, Baba."

"Usiniite Baba. Bado."

"Ndio, Mzee."

"Watu huletea mkwe blanketi na koti. Mimi blanketi niko nazo, zinaniwasha. Fimbo yangu ya kuvua imetafunwa na ndama. Uniletee ingine Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ukileta nzuri, nafungua tuongee. Ukileta takataka, utaongea na geti, na huyo msichana arudi huko huko mlitoka."

"Sawa, Mzee. Fimbo ya aina gani?"

"Ya kutupa nzi."

Nikafikiria network imeharibika. "Ya kutupa nini?"

"Nzi! Si nzi wa choo, wewe. Ndoano ndogo imefungwa manyoya ikafanana na mdudu. Hiyo nzi haina uzito, hata ukipiga chafya inaenda. Kinachobeba nzi ni uzi, na kinachotupa uzi ni fimbo. Fimbo ikiwa ngumu kama ya fagio, uzi unaangukia maji kama mlevi, samaki wanahama. Ikiwa laini sana, inapepea tu. Nataka yenye ikipinda inajua kurudi." Akakata.

Bibi yangu alikuwa amesimama hapo, maji inamtoka kwa mikono. "Amesema nini?"

"Amesema nimpelekee fimbo ya kutupa nzi."

Hakucheka. Na huyo mwanamke huwa anacheka hata nikikohoa. Akasema, "Baba Pacha, usimletee masihara. Tafadhali."

Hapo ndio nilijua hii kitu ni kubwa.

Gikomba hakuna kitu hakuna. Kuna mama anauza mitumba ya michezo ya watu wenye hawana kazi ya kufanya: raketi, kofia za kuogelea, glovu moja moja. Nikamwendea.

"Mathe, uko na fimbo za samaki?"

"Sikosi, kijana wangu." Akanipatia vijiti viwili vya chuma, ncha kali chini, na kamba ya mkono juu.

"Hizi ni za watu wa kuteleza kwa theluji."

"Kwani samaki atajua?"

"Mathe, ni za mkwe."

Hapo akanihurumia. Akavuta gunia refu kutoka chini ya meza, akafungua mdomo yake. Woi! Hiyo harufu ilitoka ikanisalimia na jina langu. Ilikuwa samaki wa zamani, samaki wa nchi ingine, amekufa kwa baridi, akapanda meli, akapita jua ya Mombasa, akaiva mara ya pili. Fimbo zilikuwa na magamba yamekaukia kwa mpini. Moja ilikuwa na mnyoo, mnyoo mzima, amekauka akawa kama uzi wa kiatu. Nikashika magoti.

"Ati wewe?" huyo mama akaita majirani. "Njooni muone wa viatu akitapika! Juzi si nilikuona ukitoa soksi yenye ilikuwa inataka kutembea yenyewe?"

"Soksi ni mtu, Mathe. Hii ni samaki!"

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake nikaja na jirani yangu, mzee mmoja kutoka Ukambani anachonga twiga za kuuzia watalii. Huyo samaki hajui, hata nzi hajui, lakini fimbo anajua kuliko mtu yeyote Eastlands. Yeye husema anaweza angalia mti akiwa amefunga macho akuambie utapasuka siku gani. Mimi naamini, sababu niliona akikataa kukalia kiti yangu, na jioni hiyo kiti ikavunjika na mgeni.

Mimi nilikuwa nimeshachagua na macho. Kulikuwa na moja nyekundu, inang'aa, maandishi ya dhahabu, imevaa vizuri kuliko mimi. Mzee wa twiga akaichukua, akafunga jicho moja, akaangalia kutoka mpini mpaka ncha kama askari.

"Imepinda. Ilisimamishwa kwa ukuta miaka mingi." Akaitingisha mara moja akashika mkono imara. Ncha ikaendelea kutetemeka. "Unaona? Mimi nimeacha, yeye bado. Tuende chai turudi tutaipata ikicheza. Rudisha."

Ya pili vipande vilikuwa vimeunganishwa na raba ya tyubu. "Hawa ni bwana na bibi hawajuani. Huyu wa chini ni mnene, huyu wa juu ni wa mtu mwingine. Wataachana kwa mto."

Ya tatu nikaona ni sawa, akanyofoa uzi kwa sweta yangu bila kuniuliza, akaupitisha kwa pete zote, hizo pete ndogo zenye uzi wa kuvulia unapita. Pete ya nne uzi ukakwama. "Imepasuka ndani. Jicho lako halioni, lakini itakata uzi wa mkwe wako siku ya samaki mkubwa, na yeye atakumbuka jina lako."

"Fundi, hata mimi nimekata uzi. Sweta inaisha."

"Nyamaza. Leta ile."

Ile alikuwa anasema, mimi nilidhani ni kijiti cha kukorogea mtaro. Rangi ya maji yenye imesimama. Vipande vinne, lakini vikiingiana vinafanya *thu*, kama mlango wa gari ya tajiri. Mpini wake ni ule wa gome laini kama kizibo cha chupa, lakini ulikuwa mweusi, unateleza na mafuta ya mikono na ute wa samaki wa miaka, na juu umebonyea mahali kidole gumba kinakaa. Unanuka kaburi. Mzee wa twiga akaitingisha, akaacha. Na yenyewe ikaacha. Akaangalia na jicho moja: imenyooka. Uzi wa sweta ukapita pete zote kama umepakwa siagi. Akaweka kidole chake kwa hiyo alama.

"Mwenye hii aliishika mpaka nayo ikamshika. Hii ndio."

"Hii? Hii inanuka!"

"Kwani mkwe amekuambia umletee marashi?"

Nikaishika na karatasi ya nailoni. Lakini fundi akakataa tuondoke. Akasema mimi siuzi kiatu bila mtu kuvaa, kwa hivyo tuijaribu. Mathe akatuazima gurudumu la uzi, tukashuka nyuma ya soko kwa mto.

Huo mto sitasema mengi. Hiyo siku ulikuwa na rangi ya chai yenye imesahaulika wiki mbili, na povu juu kama pombe. Tulifunga kamba ya kiatu mwisho wa uzi na kamsumari kamepindwa, hiyo ndio ilikuwa nzi yetu. Nzi wa kweli walikuwa hapo elfu kumi, wakatuangalia kwa dharau. Mara ya kwanza nikatupa, nikavua kofia ya mzee wa twiga. Mara ya pili ikaenda. Nasema ukweli, iliruka juu ya huo uchafu polepole, uzi ukajikunjua, kamba ya kiatu ikaketi kwa maji kama bibi harusi. Watu walikuwa wameshajaa.

Nikavuta. Ikakwama.

"Amekamata!" mtu akapiga kelele. "Vuta, buda! Ni mkubwa!"

Fimbo ikapinda mpaka ncha ikaniangalia kwa vidole vya miguu. Nikavuta nikirudi nyuma. Kitu kikainuka kutoka kwa maji, kizito, cheupe, kimefura kama mto wa kulalia. Pampas ya mtoto. Imejaa. Na nyuma yake imekokota utumbo wa mbuzi mita tatu, umejifunga nayo kama mkia. Watu wakapiga makofi. Mwingine akaniuliza kama nauza nusu. Kisha kamsumari kakaachilia, ile kitu ikarudi kwa maji *pwaa*, na tone moja, tone moja tu, likatoka huko likakuja likakaa kwa mdomo yangu. Wa juu.

Nilisugua hiyo mdomo na sabuni ya kipande mpaka ikawa ya pinki. Siku tatu chai ilikuwa na ladha ya mtaa mzima.

Mzee wa twiga wala hakuangalia mdomo yangu. Aliangalia fimbo. Ilikuwa imenyooka tuli, ni kama haijui kilichotokea. "Ikipinda inarudi," akasema. "Mpelekee kama ilivyo."

Hapo ndio nilikosea. Kama ilivyo! Mwambie mtu wa viatu vya Gikomba apeane kitu kama ilivyo. Sisi hatujui hiyo. Kitu ikipita kwa mkono yetu bila kung'aa tunaona tumeiba. Na hiyo harufu ilikuwa imelala na sisi kwa chumba moja, watoto wanaulizana nani amekufa. Nikasema siwezi peleka kwa mkwe kitu kinanifanya nitapike. Nikaichukua kazini. Nikasugua mpini na dawa ya kutoa madoa mpaka ukapiga kelele. Nikapiga msasa, ile alama ya kidole gumba ikaisha, laini kabisa. Nikapaka rangi ya viatu, ile ya kahawia ya makanisa. Nikapiga kiwi, nikapiga brashi. Mwili nikaupaka vanishi mara tatu, na pete nikazitia dhahabu moja moja na kijiti cha kiberiti. Ilikuwa inang'aa mpaka unaweza nyolea ndevu hapo.

Bibi yangu akaishika na mikono miwili. "Sasa ni ya heshima," akasema. Alikuwa ameshaanza kupiga nguo pasi, za kuenda kwao, wiki nzima kabla.

Mzee wa twiga aliiona alfajiri tukitoka. Akaiangalia, akatema mate kando, akarudi kwa twiga zake.

Tulifika kwao kukiwa na ukungu na manyunyu. Geti ya mbao, imefungwa na mnyororo. Mzee akatoka, mdogo, koti mpaka kwa magoti. Hakuangalia mtu. Akanyoosha mkono juu ya geti. Nikampatia fimbo.

Akaunganisha vipande. Vya kwanza vikakataa kuingia sababu ya vanishi, akalazimisha. Akatingisha. Ikajibu nzito, kama mtu amevaa makoti matatu. Akaangalia pete, dhahabu ilikuwa imeziba mbili. Akaleta mpini kwa pua, na uso wake, nakuambia, ule uso ndio mimi hufanya nikiona samaki. Ule ule. Kisha akafungua mkono. Manyunyu ilikuwa imeyeyusha rangi, kiganja chote kahawia.

"Hii ni nini? Ni fimbo ama ni kiatu?"

Bibi yangu nyuma yangu aliacha kupumua. Nilisikia.

"Ni fimbo, Mzee. Niliirembesha kidogo."

"Nani alikuchagulia?"

Ulimi yangu ilitaka kusema mimi. Ni ulimi imezoea. Lakini nikaona hicho kiganja. "Ni jirani yangu, fundi wa kuchonga."

"Huyo ni mtu. Na nani alipaka huu uchafu?"

"Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inanuka samaki."

Akaniangalia kutoka kichwa mpaka viatu. Hata ndama nyuma yake aliacha kutafuna. Kisha akainama, akaokota kipande cha chupa, akanipitishia pamoja na fimbo. "Kwangua. Yote. Hapo hapo nje."

Nikaketi kwa jiwe. Nikakwangua kutoka asubuhi mpaka jua ikapita kichwa. Vanishi ilinishika mikono, ikaingia kwa kucha, dhahabu nikaitoa na mwiba pete kwa pete. Sijawahi toa rangi kwa kitu maisha yangu yote, nimekuwa mtu wa kuweka tu. Bibi yangu alikuwa amesimama kando ya ua na watoto. Mara mkono ukatoka katikati ya majani na kikombe cha uji. Ni wa mamake. Alichukua kikombe akakipatia watoto, lakini mkono wenyewe hakuuachilia. Wakakaa hivyo, mmoja ndani mmoja nje.

Nilipomaliza, ilikuwa mbaya kuliko vile niliitoa sokoni. Mzee akaitingisha mara moja, akafungua mnyororo, nikadhani ni kuingia. Akatoka yeye, akaufunga tena. "Twende mto. Wewe peke yako."

Huo mto wao unaona mawe chini. Akafunga nzi yake ya manyoya, akarusha mkono kidogo tu, na uzi ukatoka nyuma ukaenda mbele kama moshi. Sikuona nzi ikianguka. Akatupa tena, na tena, hakuna. Mimi kwa roho nahesabu miaka saba ingine. Kisha fimbo ikapinda, ikatetemeka, na akavuta kitu kinaruka na madoa mgongoni.

"Shika."

"Mzee..."

"Shika na mikono miwili."

Nikashika. Mungu wangu! Baridi, inateleza, inapumua na mashavu, ute unapita katikati ya vidole kama makamasi ya mtoto wa mtu mwingine. Jicho linaniangalia bila kupepesa. Nikageuka, chai yote ya asubuhi ikatoka kwa nyasi, lakini samaki sikuachilia. Ningeachilia ningerudi Shauri Moyo na bibi amenyamaza maisha yake yote.

"Usipanguse. Sasa shika mpini. Sugua."

Nikasugua, kamasi yote, nikilia machozi ya kutapika. Akaichukua, akainusa, uso ukalegea. "Hapo sasa ni fimbo."

Tukarudi. Akafungua geti, akaiacha wazi, akaenda zake. Bibi yangu hakungoja kuambiwa. Alipita mbio, kiatu kimoja kikabaki kwa matope, na nilisikia kelele huko jikoni ya wanawake wawili wakilia na kucheka pamoja na kuulizana habari ya ng'ombe.

Mimi nikawekwa kwa meza na mzee. Samaki akaletwa na kichwa chake, amekaangwa, mdomo wazi. Maji ya kunawa haikuletwa, sijui ni kusahau ama ni kusudi.

"Kula, mkwe."

Mkwe! Nikakula. Na wacha niseme ukweli, sababu najua watu wanapenda kuskia ati ilikuwa tamu. Haikuwa tamu. Ilikuwa kama kutafuna pamba imelala kwa ndoo, na mfupa mmoja ukanisimamia kooni kama kondakta. Nikameza nikiwa nimefunga macho. Nilipofungua, mzee alikuwa amebeba upande ule mwingine, ule wa tumbo, anauleta kwa sahani yangu.

"Wazee wako waje mwezi ujao," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza.